Kamaluddin Ad-Damiri, Mwenye Hayatul Hayawan

Kila sifa njema ni yake Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kiendacho kwa miguu, kirukacho kwa mbawa na kitambaacho kwa tumbo lake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, leo tunawaletea habari za mtu ambaye jina lake latajwa sana katika pwani yetu hii, walakini hatajwi kwa haki yake. Mtu akiota nyoka, au akisikia bundi analia juu ya paa, au akitaka dawa ya kusahau, hatakosa wa kumwambia kwamba jambo lake limeandikwa katika Damiri. Na neno likishasemwa kuwa limo kitabuni, tena kitabu cha Kiarabu, basi wengi wetu hunyamaza, wala hawathubutu kuuliza. Kwa hivyo imetupasa tueleze huyo Damiri alikuwa nani, kitabu chake alikiandika kwa sababu gani, na ni kipi tukichukue kwake na kipi tukiache.

KUZALIWA KWAKE NA KAZI YAKE YA KWANZA

Alizaliwa Cairo, mji mkuu wa Misri, mwanzoni mwa mwaka 742 Hijriya, nao ni mwaka 1341 Miladi. Nasaba ya jina lake ni Damira, kijiji kilichoko kaskazini ya Misri karibu na mji wa Samannud. Zama hizo Misri ilikuwa chini ya masultani wa Kimamluki, na Cairo ulikuwa mji mkubwa kabisa katika miji ya Waislamu. Alipokuwa mtoto wa miaka saba hivi, ile tauni kubwa iliyoenea ulimwenguni iliingia Misri ikaua watu wasiokuwa na hesabu. Yeye Mwenyezi Mungu alimbakisha.

Hakuzaliwa katika nyumba ya vyeo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ushoni. Alikaa akishona nguo za watu na kula kwa jasho la mikono yake. Kisha moyo wake ukageukia elimu, akaacha sindano akashika kalamu. Twalitaja hili kwa sababu wako vijana wetu wadhaniao kwamba elimu ya dini ni urithi wa nyumba fulani fulani, na kwamba mtoto wa mvuvi au wa mshoni hana njia ya kuifikia. Damiri hakuwa na njia nyingine ila kukaa mbele ya walimu.

Wameandika pia waliopokea habari zake kwamba hapo ujanani alikuwa mlaji mno, hashibi. Hata alipokuwa mtu mzima aliishinda nafsi yake, akawa mtu wa kufunga siku baada ya siku. Hawakulificha lile la kwanza ili walipambe hili la pili, nao wamefanya vyema, kwani mwenye kusoma apate kujua kuwa nafsi huelekezwa na ikaelekea.

Na jambo jingine la ajabu limepokewa juu ya jina lake. Hapo mwanzo jina lake lilikuwa Kamal, yaani ukamilifu, na ndivyo alivyokuwa akijiandika kwa mkono wake katika vitabu vyake. Baadaye akajiita Muhammad, akawa akilikuta lile jina la kwanza alikwangua. Wanavyuoni wameona kuwa alichukia kujisifu kwa jina lenye maana ya ukamilifu. Hivi sasa watu wamemrudishia lile alilolikwangua, wakamwita Kamaluddin.

WALIMU WAKE NA DARSA ZAKE

Alisoma kwa wanavyuoni wakubwa wa zama zake. Fiqhi ya Imamu Shafii aliipokea kwa Sheikh Bahauddin As-Subki, mtoto wa Taqiyyuddin As-Subki, na kwa Sheikh Jamaluddin Al-Isnawi, aliyekufa mwaka 772 (1370). Katika elimu ya lugha alihudhuria kwa Ibn Aqil, naye ndiye yule aliyeifasiri Alfiyya ya Ibn Malik, na sharhe yake wanafunzi wa pwani yetu waijua kwani wengi wameisoma. Adabu ya Kiarabu aliichukua kwa Burhanuddin Al-Qirati.

Alipokamilika alikaa kusomesha katika msikiti wa Al-Azhar na pahala pengine mjini Cairo, akitoa waadhi na kueleza hadithi. Alikuwa pia katika jamaa ya masufi waliokaa katika ribati ya Salahiyya, iliyojulikana kwa jina la Saidus Suadaa. Akaenda Makka kuhiji mara kwa mara, baina ya mwaka 762 (1361) na mwaka 799 (1397), na mara nyingine alikaa huko muda mrefu akisomesha na kutoa fatwa, hata akaoa huko. Katika waliohudhuria kwake ni Al-Maqrizi, mwandishi mashuhuri wa tarehe ya Misri, na Taqiyyuddin Al-Fasi, mwandishi wa tarehe ya Makka.

Aliandika vitabu mbalimbali. Aliifasiri Minhaj ya Imamu Nawawi kwa sharhe aliyoiita An-Najmul Wahhaj, iliyochapwa katika zama zetu kwa majuzuu kumi. Na Minhaj ndicho kitabu walichokitegemea masheikh wetu wa Lamu, Malindi, Mombasa na Unguja katika kufutu na kuhukumu. Alianza pia kuisherehesha Sunan ya Ibn Majah. Kwa hivyo mtu huyu ambaye wengine wamdhania kuwa mwandishi wa hirizi na ndoto, hakika yake ni faqihi wa madhehebu yetu, aliyeshughulika na twahara, sala, biashara, ndoa na mirathi kabla ya kushughulika na simba na kunguru.

SABABU YA KUKIANDIKA KITABU CHA WANYAMA

Sasa na tuje katika kitabu kilichomtangaza duniani, nacho ni Hayatul Hayawan, yaani Maisha ya Wanyama. Alikimaliza mwaka 773 (1372), naye ni mtu wa miaka thelathini na kitu tu. Mwenyewe ameeleza katika utangulizi wake kuwa hakuna mtu aliyemwomba akiandike. Sababu yake ilikuwa darsani. Walikuwa wakisoma, likaja jina la ndege wa jamii ya korongo ambaye Waarabu humwita mwenye huzuni, kwa kuwa hukaa kando ya maji kama aliyefiwa. Likaja na jina la dhikh, naye ni fisi dume mwenye manyoya mengi. Basi waliohudhuria wakateta juu ya wanyama hao, kila mmoja akisema lake, hata mateto yakawa makali. Yeye akayafananisha na vita vya Basus, vile vilivyowapiganisha Waarabu wa kale miaka arubaini kwa sababu ya ngamia jike mmoja.

Wala lisidhaniwe kuwa mateto hayo yalikuwa ya upuuzi. Jina la dhikh limo katika hadithi aliyoipokea Bukhari, katika habari za Nabii Ibrahim A.S. na baba yake Siku ya Kiyama. Mtu asiyejua dhikh ni nini, ataifahamuje hadithi hiyo? Na asiyejua mnyama fulani ana meno ya kurarua au hana, atasemaje kuwa ni halali au haramu? Damiri aliona kwamba watu wanatoa hukumu juu ya viumbe wasiowajua hata kwa majina. Akaazimia kuliondoa tatizo hilo.

Akawapanga wanyama kwa herufi za Kiarabu, akaanza na simba kwa kuwa herufi yake ni alifu na kwa kuwa ndiye mtukufu wa wanyama wa mwitu. Milango ya kitabu ni 1069, lakini wanyama wenyewe ni wachache kuliko hivyo, kwani mnyama mmoja huwa na majina mengi, na kila jina amelipa mlango wake. Katika mlango uliotimia huanza kwa jina na matamshi yake. Kisha sifa za mnyama na tabia zake. Kisha hadithi alizotajwa ndani yake. Kisha hukumu ya kuliwa kwake kwa kauli za maimamu. Kisha mithali za Waarabu. Kisha yale yanayosemwa kuwa ni manufaa ya viungo vyake. Na mwisho tafsiri ya kuotwa kwake.

Pengine kalamu humchukua mbali. Alipofika kwa bata bukini, alikumbuka habari ya bukini waliopiga kelele alfajiri aliyotoka Sayyidna Ali R.A. akapigwa upanga, basi kutoka hapo akaandika tarehe ya makhalifa wote, mmoja baada ya mmoja, kisha ndipo akarejea kwa ndege wake. Msomaji aliyefungua kitabu kutafuta bukini hukuta amesoma dola nzima ya Kiislamu.

TOFAUTI YA KITABU HIKI NA VYA WENGINE

Watu wa Ulaya nao katika karne hizo walikuwa na vitabu vya wanyama, vilivyoandikwa na watawa wa Kikristo na kupambwa kwa picha za rangi. Asili yake ni kitabu cha Kiyunani kiitwacho Physiologus, na wengi wa watafiti wanaona kuwa kiliandikwa Iskandaria, katika nchi hiyo hiyo ya Misri, kiasi cha miaka mia nne au mia tano kabla ya Hijra. Katika vitabu hivyo kila mnyama ni fumbo la itikadi. Simba huwa anafuta nyayo zake kwa mkia ili wawindaji wasimfuate, na mwari hujitoboa kifua awahuishe makinda yake kwa damu. Mwandishi wake hakuhitaji kwenda ziwani kumtazama mwari anafanya nini. Maana ilikwisha kuwekwa, na mnyama aliletwa aitumikie.

Damiri hakwenda njia hiyo. Naye alikusanya mafumbo na mithali, lakini swali lake la kwanza lilikuwa la mwanafiqhi: mnyama huyu ni nani, na hukumu yake kwetu ni ipi? Hata hivyo hatusemi kuwa amesalimika. Haji Khalifa, mwanachuoni wa Istanbul aliyekufa mwaka 1657, aliyeorodhesha vitabu vya Waislamu, ameeleza kwamba kitabu hiki kimechanganya kilichonona na kilichokonda, kwa kuwa mwenyewe ni faqihi hodari lakini si mtu wa fani ya wanyama kama alivyokuwa Al-Jahiz, na makusudio yake yalikuwa kusahihisha majina na kufafanua yaliyofichikana. Hukumu hiyo ni ya insafu. Mwenye kukifungua kitabu hiki aifungue pamoja nayo.

HABARI YA TWIGA

Ili lipate kuonekana hilo, na tumchukue mnyama mmoja wa bara yetu, naye ni twiga, ambaye mpaka leo huonekana pande za juu za mto wa Galana, tunaouita Sabaki unapofika kwetu baharini.

Damiri amenakili kauli ya waliodai kwamba twiga hakuumbwa kuwa jinsi peke yake, bali amezaliwa na mchanganyiko wa ngamia, ng'ombe wa mwitu na fisi katika nchi za Wahabeshi. Waajemi hata jina walimpa la namna hiyo, la ngamia na ng'ombe na chui. Kisha akanakili jawabu ya Al-Jahiz wa Basra, aliyekufa mwaka 255 (869), aliyewaona wasemao hivyo kuwa ni wajinga wakubwa. Hoja ya Al-Jahiz ni kwamba Mwenyezi Mungu huumba atakacho; twiga ni jinsi yake mwenyewe kama farasi alivyo jinsi yake na punda jinsi yake, na dalili ni kuwa huzaa mfano wake, na jambo hilo limeonwa kwa macho.

Hapa ndugu zetu watazame vyema. Uvumi huu haukuwa hadithi ya kuchekesha tu. Baadhi ya wanavyuoni walimharimisha twiga kwa kumhesabu kuwa ni mzaliwa wa anayeliwa na asiyeliwa. Imamu Nawawi katika Sharhul Muhadhab ameshika kuwa ni haramu, na Taqiyyuddin As-Subki, baba wa mwalimu wake Damiri, ameelekea kuwa ni halali. Damiri ameziweka kauli zote mbili mbele ya msomaji. Katika nchi yetu serikali imekataza uwindaji tangu mwaka 1977, kwa hivyo mas'ala haya yamebaki kuwa ya elimu. Lakini funzo lake halikuisha: uvumi juu ya mnyama ukiachwa bila ya kuchunguzwa, waweza kupanda mpaka ukakaa mahali pa dalili.

Na miaka kumi tu baada ya kufa Damiri, twiga alitoka Malindi kwetu akasafirishwa kwa bahari hata China. Ilikuwa mwaka 1415, zama za safari za jemadari Zheng He, ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa Waislamu wa jimbo la Yunnan. Mfalme wa China, Yongle, alitoka mpaka kwenye lango la kasri yake kumpokea, kwani Wachina walidhani kuwa ni yule mnyama wao wa hadithi aitwaye qilin, ambaye waliitakidi kuwa hatokei ila zama za mfalme mwadilifu. Basi mnyama huyo mmoja, kwa Waajemi alikuwa mchanganyiko wa watatu, na kwa Wachina akawa ushahidi wa uadilifu wa mfalme. Huko nyikani kwetu aliendelea kula majani ya migunga. Uadilifu wa mfalme haujulikani kwa shingo ya twiga, hujulikana kwa hali ya wanyonge katika nchi yake.

HUDIHUDI NA BUNDI

Katika mlango wa hudihudi, ndege aliyemletea Nabii Suleiman A.S. habari za malkia wa Sabaa, Damiri ametaja kwamba Mtume S.A.W. amekataza kuuawa kwake, pamoja na chungu, nyuki na ndege mwingine aitwaye surad. Kwa sababu hiyo kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa haliwi. Kisha katika mlango huo huo, alipofika kwenye manufaa, ananakili yanayosemwa na watu: kwamba jicho la hudihudi akitundikiwa mtu msahaulifu, hukumbuka aliyoyasahau. Je, jicho hilo litapatikanaje na ndege amekatazwa kuuawa? Mwenye akili atajua kwamba sehemu ile ya kwanza ni dini, na hii ya pili ni maneno ya watu yaliyokusanywa ili yajulikane. Lakini mganga akikifungua kitabu hiki huruka jina, huruka hadithi, huruka hukumu, akatua penye jicho. Kisha huchukua pesa za maskini akamwambia kuwa amesema Damiri.

Ama bundi, huyu ndiye aliyetusukuma kuandika. Waarabu wa zama za Ujahiliya waliitakidi kwamba mtu akiuawa asilipiziwe kisasi, hutoka katika kichwa chake ndege waliyemwita hama, wakamfananisha na bundi, akawa analia juu ya kaburi akitaka anyweshwe damu ya muuaji. Tena walikuwa wakimfukuza ndege njiani: akiruka kuumeni huenda safari, akiruka kushotoni hurudi. Mtume S.A.W. ameyabatilisha yote mawili katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, na Damiri ameieleza hadithi hiyo katika kitabu chake. Waarabu waliita itikadi hiyo tiyara, kutokana na neno lao la ndege. Nasi Waswahili lugha yetu yatushuhudilia kuwa tuna maradhi hayo hayo, kwani mtu akiona dalili asiyoipenda husema amepata ndege mbaya, japokuwa aliyemwona ni paka au ni mtu mwenye chongo.

Bundi hulia usiku kwa kuwa usiku ndio mchana wake. Hukaa juu ya paa la makuti na katika minazi kwa kuwa humo mna panya, naye panya ndiye riziki yake. Akila panya mia katika shamba la mtu amemfanyia ihsani ambayo mtu huyo hailipi ila kwa mawe. Mgonjwa akifa nyumbani baada ya bundi kulia, watu hukumbuka. Bundi akilia usiku mwingine wowote na watu wakaamka wazima, hakuna akumbukaye.

Lau shari yake ingelikomea kwa kumpiga ndege mawe, tungelisema kidogo. Walakini haikomei hapo. Watu wakishakubali kwamba bundi ametumwa, swali linalofuata ni nani aliyemtuma. Na jawabu haliangukii kijana mwenye nguvu wala tajiri mwenye jamaa wengi. Humwangukia bibi kizee akaaye peke yake, au mzee mwenye mvi ambaye shamba lake latamaniwa na warithi wake. Kwa miaka mingi sasa katika Kaunti yetu ya Kilifi wameuawa wazee, wanaume kwa wanawake, kwa kutuhumiwa uchawi, na wengine wameyahama makazi yao kwa kuhofia roho zao. Wala mtu asiseme kuwa hayo ni ya vijiji vya bara, sisi watu wa mijini hayatuhusu. Damu hizo hazianzi na panga. Huanza na neno dogo barazani, la fulani kusikia bundi kwa fulani, na neno hilo twalisema sote, tukiwa tumetoka msikitini.

Waarabu wa Ujahiliya walidai kuwa bundi ataka damu ya muuaji. Sisi leo twamwachia bundi adai damu ya mtu ambaye hakumuua yeyote. Ni lipi ovu zaidi kati ya hayo mawili?

KUFA KWAKE NA KUBAKI KWA KITABU CHAKE

Sheikh Damiri alikufa Cairo, mwezi 3 Jumadal Ula mwaka 808, katika Oktoba ya mwaka 1405, naye ana umri wa miaka 66 kwa hesabu ya Hijriya. Akazikwa katika makaburi ya masufi wa Saidus Suadaa, jamaa aliokaa nao katika uhai wake.

Kitabu chake kilienea kuliko alivyodhani. Wanavyuoni walikifupisha, na miongoni mwao ni mwanafunzi wake Al-Fasi. Kikapigwa chapa Bulaq huko Misri katika karne ya kumi na tisa Miladi, kisha kikachapwa tena na tena, mara nyingi pambizoni mwake mkiwa na kitabu cha Al-Qazwini cha maajabu ya viumbe. Hata Jayakar, tabibu wa Kihindi aliyetumikia serikali ya Waingereza na kukaa Maskati miaka mingi, alikifasiri kwa Kiingereza, na sehemu kubwa ya tafsiri yake ikachapwa mwaka 1906 na 1908. Huko Oman mbuzi wa mwitu wa milimani amepewa na wataalamu jina la Jayakar huyo. Basi kazi iliyoanza kwa mateto ya darsani imefika mpaka kwa watu wasiosali sala yetu.

Ndugu zetu, hatuandiki haya ili kitabu cha Damiri kitupwe. Twataka kisomwe chote, kwa mpango aliouweka mwenyewe, na mwenye kukisoma aulize katika kila mlango: hili ni neno la Mwenyezi Mungu, au la Mtume wake, au la imamu mwenye dalili, au ni la watu tu? Hilo la mwisho lina daraja yake, nalo ni daraja ya habari. Halihalalishi wala haliharimishi, halimponyi mgonjwa wala halimtii jirani katika tuhuma.

Mwenyezi Mungu katika Kitabu chake amezipa sura majina ya ng'ombe, ya nyuki, ya chungu, ya buibui na ya ndovu. Ametufundisha katika Suratul An'am kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Akatuletea katika Suratul Maida kunguru aliyemfundisha mwana wa Adamu kumsitiri maiti ya ndugu yake. Angalieni kuwa kunguru yule hakuja kuagua wala hakuleta nuhusi. Alikuja kumfundisha adabu mtu aliyekwisha kuua. Hayo ndiyo mazingatio ya wanyama katika dini yetu: mtu amtazame kiumbe amkumbuke Muumba, kisha ajitazame nafsi yake.

Basi usiku wa leo bundi akilia juu ya paa lako, mtaje Mwenyezi Mungu, umwache awinde panya wake, nawe ulale. Na ikiwa kwa jirani yako pana mzee akaaye peke yake, kukipambazuka mpelekee uji umjulie hali, kabla hajaendewa na wengine kwa jambo jingine.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Kamaluddin Ad-Damiri, amsamehe alipoteleza, amlipe kwa elimu aliyotuachia, na atuepushe sisi na watoto wetu na dhana mbaya. Amin.